Povu

Plagi imetoka nyeupe kama jino la mtoto.
Ukiachia mafuta, sailensa haishuki,
kama mgeni aliyeaga mara tatu
na bado yuko mlangoni.

Ekzosi tumeiziba kwa mpira wa tyubu.
Nachovya brashi ya kunyolea kwenye sabuni,
napaka chini ya silinda,
pale inapokalia tumbo la injini.
Pazi anasukuma pampu ya baiskeli.
Kimya. Halafu, upande wa kushoto,
povu. Jicho moja. Mawili. Yananikonyeza.

Hapo napajua. Hapo ni mkono wangu.
Mfungo uliopita nilitanua milango kwa tupa,
Pazi akitaka kuwaacha vijana wa Tandika,
nami nikitaka waulize, "Fundi nani?"
waambiwe, "Zamda."
Nikala alumini mpaka ukingo ukabaki uzi.
Gasketi italala vipi juu ya uzi?

Sina wa kumdai pole.

Nafungua. Nasugua silinda juu ya kioo cha dirisha,
msasa laini, mafuta ya taa,
nachora namba nane, namba nane,
mpaka uso wote uwe rangi moja.
Pengo nalijaza gundi ya chuma.
Nakata karatasi mpya, moja tu:
zikiwa mbili milango itapanda,
na kasi tuliyoiiba itarudi kwa mwenyewe.

"Tuwashe?"

Keko umeme umekatika,
jenereta la kinyozi linapayuka peke yake.
"Kesho," namwambia.
Anakaa juu ya tairi,
anaitazama gundi ikikauka.