Safu ya Kumi na Mbili

Nilikiomba kiti hiki kwa ajili ya magoti yangu tu.
Sasa mhudumu, Bahiya, kaniinamia:
"Ikitokea dharura, utaweza kuufungua?"
Nikaitika upesi, kama niliyeulizwa chai.

Hakuondoka. "Hebu nieleze wewe."
Nikababaika. Nikasoma kadi kwa kidole, kama darasa la kwanza:
chungulia nje kwanza; ukiona moto, usifungue.
Vuta mpini. Mlango mzito. Kisha pisha watu.

Begi langu akalipandisha juu.
Nyuma yangu mtoto akapiga chafya.
Nikaanza kuhesabu vichwa, nikaachia thelathini.

Ndege ikageuka. Dirishani mabati ya Kipawa,
na ng'ambo kidogo Kiwalani, kwetu:
nondo kila dirisha, geti la nyuma lina kufuli
ambalo ufunguo wake ulipotea tangu Mfungo Mosi.
Mle tunalala saba.
Hajatokea mtu wa kuniinamia akaniuliza.

Magurudumu yakaiacha ardhi.
Mkono wangu u jirani na mpini, haugusi.
Nikitua Songwe, hata kabla ya salamu,
nitampigia Mwanaidi:
kamwite fundi akate lile kufuli.
Leo. Kabla hamjalala.