Alama

Saa tatu usiku natoka maabara, Chiromo,
vidole vinanuka glavu.
Kwa Syombua, kando ya barabara, nanunua yai.
Analimenya. Jeupe, limeshikana:
ute uliokuwa maji,
nyuzi za shanga zilizojikunja kwa hesabu zake
moto ukazifumua, zikasokotana ovyo.
Hakuna moto wa kulirudisha ubichini.

Kutwa nimeitazama protini moja
ikikosea kona ileile.
Seli imempa kungwi. Humshika mwali mkono,
humkinga na joto, humnong'oneza:
kunja hapa, ngoja, bado, sasa.
Mwali akishindwa, seli haigombi.
Humbandika alama
kinu kimtwange, shanga zitungwe upya
mwilini mwa mwingine.

Kwa hiyo nimezoea alama, nilidhani.

Syombua anatia kachumbari, pilipili kwa mbali.
Nyuma yake, ubavuni mwa kibanda,
X nyekundu ya kanjo,
rangi bado mbichi.
"Jumatatu wanabomoa."
Natafuta la kusema, yai mkononi.
Ananihesabia chenji, shilingi kwa shilingi.
"Mbao ni zilezile, daktari.
Misumari nitainyoosha."