Ripoti ya Namba Ishirini na Nane

Saa saba usiku, moteli ya kando ya barabara kuu, Monroe, Louisiana.
Hita inakohoa. Kahawa imepoa mara mbili.
Kwenye kompyuta Kendarius Ledet anarudi kinyumenyume,
mwepesi, mgongo umeinama kidogo,
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.

Narudisha nyuma. Natazama nyonga.
Beki wa pembeni ni nyonga, mengine ni masimulizi.
Mpokeaji anakata ndani, Ledet ameshageuka,
hakuna hatua ya ziada, hakuna mkono unaoiba jezi.
Kwotabeki anatupia jicho upande huo,
anaghairi, anarusha kwingine.
Mechi kumi na moja, wamemjaribu mara ishirini na tisa tu.
Nitaandikaje kimya? Fomu haina kisanduku chake.

Jioni Gorham alipiga simu:
"Fontenot, neno moja tu. Raundi ya kwanza au siyo?"
Nikamwambia mikono ni mifupi,
inchi ishirini na tisa na robo.
Akaguna, nikasikia kalamu yake.

Kila mwaka tunawapanga mstari, vijana mia tatu, kaptula tupu,
wanapanda mizani, kiganja kinapimwa, goti linabinywa,
na mwenye kipaza sauti anawasomea namba wenye fedha.
Babu wa babu yangu alisomwa namba katika jimbo hili hili.
Mimi ndiye ninayeshika utepe. Nalipwa vizuri.
Sina la kuongeza hapo.

Miaka tisa iliyopita niligonga meza
kwa ajili ya kijana wa Toledo. Chaguo la kumi na mbili.
Leo anauza matairi Tulsa,
na kila Krismasi ananitumia kadi,
afadhali angenitukana.
Mchagua nazi hupata koroma, husema watu.
Lakini koroma halikujichuma.

Sasa robo ya nne. Mvua. Wameachwa kwa pointi ishirini na nne.
Mkimbiaji wa kilo mia na tano anakuja upande wake,
na Ledet anatoa bega tu.
Nasimamisha picha, nakuza:
amefumba macho.

Dakika mbili baadaye mkimbiaji yuleyule
anachomoka upande wa mbali kabisa,
na mtu anayevuka uwanja mzima, yadi sitini za matope,
ni huyohuyo aliyefumba macho.
Anamwangusha yadi mbili kabla ya mstari.
Mchezo unaofuata wakafunga. Hakuna aliyepiga makofi.

Yupi kati ya hao wawili nimnunulie Gorham?

Jana nilikwenda kwa bibi yake, Earline,
vidole vyake vina makovu ya kisu cha kiwanda cha kambare.
Hakuuliza habari ya fedha.
"Wewe ulicheza?"
Nilicheza.
"Walikuchagua?"
Hapana.
Akanisukumia sahani. "Basi kula."

Naandika: ya pili, mwishoni. Nafuta.
Naandika: ya kwanza. Naiangalia mpaka herufi zinalegea.
Nafuta.
Lori linapita, dirisha linatetemeka,
nami narudi tena kwenye mvua, kwenye yadi ya pili,
kwenye ncha ya kidole iliyonasa kamba ya kiatu.

Mkono mfupi ule.
Ulifika.
Kisanduku bado ni cheupe.