Jozi

Divai haimtishi Tsiala.
Anatandaza kitambaa juu ya beseni,
anainua birika usawa wa bega, anamimina maji yachemkayo:
wekundu huo, mbio.

Damu? Maji baridi. Ukiipasha moto
imeshahamia, ina funguo za nyumba.
Mafuta ya kondoo huyafunika majivu, akaenda zake.

Lakini ganda bichi la jozi halisikii sabuni.
Oktoba, Telavi nzima vidole vyeusi,
na mkono wa blauzi yake una vitano vya Otari,
aliyeshuka mtini akamshika ghafla, akicheka.
Alimgombeza hadi usiku.

Leo kambani pana soksi jozi moja.
Blauzi huifua kwa kuzunguka pale,
polepole, maji vuguvugu,
asije akafaulu.