Umebakisha Mangapi?

Huku juu miti ilikata tamaa.
Ilituacha kule chini, kwenye mashamba ya shayiri,
ikasema hewa yenyewe haitoshi kugawana.
Waliopanda nasi ni nyasi za mashada,
ukungu, kondoo kumi na wanne wa mama,
na chukiragwa.

Kichaka kifupi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza,
majani madogo, magumu, yamepangana kama magamba,
kila jani na sindano yake nchani.
Hakikaribishi mtu.
Lakini mwisho wa kila tawi
mtu ameweka kaa la moto na kusahau kulizima:
ua la rangi ya chungwa, kavu tangu kuzaliwa,
ukiligusa linachakarika kama barua ya zamani.

Chimborazo umejivuta shuka hadi kidevuni.
Chini ya nyayo udongo ni mweusi, umelowa,
ukiukanyaga unakutemea maji viatuni.
Maji haya haya, husema baba,
ndiyo wanayonawia mikono watu wa Riobamba
bila kuuliza yalilala wapi.

Nilitumwa maua.
Homa ya mama ilikuwa siku ya tatu,
nesi Maruja wa zahanati hayupo hadi Jumatatu,
na Zoila Pilamunga hajawahi kuingoja Jumatatu.
"Nichemshie machungu nitoke jasho," alisema.
"Ng'ombe hakamwi kwa maombi."

Nikapanda na kisu cha kumenyea viazi
na mfuko mtupu wa sukari.
Kichaka cha kwanza: maua sita. Nikakata sita.
Cha pili: manne. Nikakata manne,
vidole vikivuja damu, nikijiona hodari.
Cha tatu kilikuwa na mwenyewe.

Mvumaji. Hakuzidi sana kidole gumba changu,
kichwa zambarau, kifua cheupe.
Hakuelea hewani kama wenzake wa bondeni;
hewa ya huku nyepesi, haibebi mtu bure.
Alitua, akang'ang'ania tawi katikati ya miiba,
mdomo umezama ndani ya kaa,
akinywa kama mtu aliyetoka kaburini.

Na ndiko alikotoka. Baba alinieleza:
usiku, baridi ikibana, hufa kidogo.
Moyo hupiga kwa uchoyo,
kama bahili anayehesabu chenji,
mwili hupoa ukawa kokoto kwenye ufa wa mwamba,
na alfajiri hufufuka akiwa na deni.
Deni hulipwa kwa asali ya ua hili,
asubuhi hiyo hiyo,
au halilipwi.

Alinitazama.
Nisiseme uongo: labda hakunitazama.
Labda alitazama mfuko.
Niligeuka nikaviona vile vichaka viwili nyuma yangu,
vya kijani kitupu, vipofu.

Nyumbani mama alikunywa bila sukari,
akakunja uso hadi macho yakapotea.
Sikuulizwa nimeleta mangapi.
"Umebakisha mangapi?"

Mengi, nikasema.
Aliangalia vidole vyangu, vyote kumi, kimoja kimoja,
akajigeuzia ukutani.

Usiku ule jasho lilimtoka, blanketi likalowa.
Alfajiri nilisikia maziwa yakigonga ndoo.

Mimi nilikuwa njiani tayari,
na kizibo cha soda, uzi wa sufu,
na maji ya sukari kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Nilikifunga kizibo kwenye tawi la kichaka cha kwanza,
pale kilipokuwa kidonda cha kisu,
nikajaza, nikachuchumaa nyuma ya jiwe
nikingoja kusamehewa.

Hakuja.
Sukari iliganda, ikafanya ngozi nyembamba ya barafu.
Nilipokwenda kukifungua kizibo
kichaka kilinichoma
mahali pale pale pa jana.