Sikio la Ubani

Siku ya kwanza alitikisa kichwa, nikasema maji.
Kiyoyozi cha jirani hudondoka juu ya ukuta anapolala,
na hapa Seeb, mwezi wa saba, tone la kiyoyozi ni neema.
Siku ya pili akatikisa tena, kwa nguvu,
kama bibi harusi mtarajiwa anayekataa posa.
Nikasema nzi.

Siku ya tatu mama alimwita.
Mama ana lugha mbili na nusu:
Kiarabu cha wakwe, Kihindi cha dukani, hicho ndicho nusu,
na Kiswahili alichotoka nacho Wete,
ambacho wajukuu hukielewa kikiwa cha chakula tu.
Kinachobaki humwambia paka.
"Ubani, njoo mwanangu, njoo nikupe changu."

Ubani hakugeuka. Hata kwa samaki.
"Kishaota kiburi," nikasema. "Sikio la kufa..."
"Nyamaza. Sikio la kufa halijikuni."

Akaketi kwenye mkeka wa plastiki,
magoti yake yakilia kuliko paka,
akanifunza kutazama, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mbili
niliyeishi na Ubani miaka sita nikiona manyoya tu.

Mtazame anavyolaza kichwa upande,
kama anayesoma gazeti la mwenzake.
Tazama nyuma ya sikio, alipopitisha ukucha pamekuwa kipara.
Lifunue. Taratibu, si pochi hiyo.
Lile zima ndani lina rangi ya waridi, kavu, halinuki.
Hili limeiva, na uchafu huu mweusi
utadhani mtu kamwaga machicha ya kahawa.
Nusa.

Nilinusa.
Samli iliyosahauliwa garini.

Nikakimbilia vijiti vya pamba, mwerevu mimi.
Kofi likanipata mkononi, lile lile la utotoni.
"Pamba," akasema mama, "ni ya wasiotaka kusikia."

Kliniki iko Khodh, nyuma ya kituo cha petroli.
Daktari Bushra, Msudani, mpole kwa wanyama, mkali kwa wenyewe,
alimulika lile tundu kama msoma mita ya umeme.
Akataja neno la Kiarabu nisilolijua.
"Utitiri," mama akanifasiria. "Kama wa kuku."
Matone, asubuhi na usiku, na kulikanda shina la sikio
mpaka lilie chwapu chwapu.
Na ncha hizi, alisema, paka mweupe na jua letu hili,
zikianza magamba msingoje Idi.
Na akianza kupepesuka,
akaanguka kwenye ukuta aliouzoea,
mleteni usiku huo huo, mniamshe.

Basi tukawa wauguzi.
Mimi nilimviringisha kwenye taulo, nikachanwa,
mama akahesabu matone kwa sauti, moja, mbili, tatu,
akimwomba radhi kwa kila tone
kwa maneno ambayo hajapata kuniambia mimi.

Siku ya kenda alikuwa kibarazani, mgongo kwetu.
Mama akaita. Sikio moja likazunguka lenyewe,
halafu kichwa, halafu paka mzima.
Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Jana nilimwita mama kutoka jikoni.
Televisheni ilikuwa juu sana, kama siku hizi zote.
Niliita mara tatu.
Aliyegeuka ni Ubani.

Sikusema kiburi.
Nilizima jiko, nikaenda kuketi
upande wake wa kulia.