Jino Moja

Hesabu boliti kwanza, alisema Halvor Brekke,
amelala chali juu ya kadibodi, pumzi yake moshi mtupu,
ndani ya ghala letu la mashine, maili sita nje ya Crookston.
Kumi. Basi ni Dana, arobaini na nne.
Ingekuwa Ford ya inchi tisa ungepapasa mgongo ukaukuta mzima,
hauna mlango; moyo wake hutolewa kwa mbele.
Gari kuukuu halijitambulishi, Signe.
Hupapaswa.

Pikapu ni Internesheno ya sitini na nane,
kijani kilichochujuka kikawa kama maji ya kuoshea mboga.
Baba alituachia pamoja na sifa moja
aliyomwambia kila mgeni kabla mgeni hajaketi:
haijaguswa. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo.
Na kweli, boliti ya chini ilishika kibati,
nikakisugua kwa brashi ya waya hadi kikasomeka:
arobaini na moja kwa kumi na moja.

Halvor hakuamini bati.
Tuliinua nyuma, tukakaba magurudumu ya mbele kwa magogo,
chaki kwenye propela, chaki kwenye tairi.
La kulia tukalifunga. La kushoto nikalizungusha
mara mbili kamili, taratibu, kama mkorogo wa uji uliojaa sufuria,
yeye akihesabu propela:
moja, mbili, tatu, nne,
na alama ikapita juu kidogo.
Nne na kidole, alisema.
Kibati chako kinasema uongo.

Nikalegeza boliti, zote isipokuwa mbili za juu,
nikachokoa mfuniko kwa bisibisi.
Oili ikashuka nyeusi, nzito, haina haraka na mtu,
na harufu yake ikanikamata koo:
kiberiti, mayai viza.
Nilikuwa naijua. Si gereji.
Ilikuwa kwenye mikono iliyonifunga vifungo vya koti
nikiwa na miaka minne.
Banda la kuku, Mama alisema nilipoziba pua.

Krauni: meno arobaini na moja.
Pinioni nikaihesabu kwa kucha, nikarudia, nikarudia tena.
Kumi.
Jino moja lilikosekana, na kukosekana kwake ndiko nguvu:
gari linalopoteza mwendo barabarani
na kupata ubavu wa kuvuta tani za viazisukari
katika tope linalofika kwenye ekseli.

Vifuniko vya beringi vilikuwa na alama za patasi,
nukta moja kushoto, mbili kulia,
ili visibadilishane. Kazi ya mtu asiye na papara.
Na upande wa ndani wa mfuniko, nilipoupangusa,
mikwaruzo ya msumari:
O. Okt. 74.

Orpha. Mama.
Msimu ule wa mavuno Baba alikuwa Fargo, hospitali, nyonga imevunjika.
Mahali alipoipata difu nzima sijui; jaa la magari, labda.
Najua kwamba alikirudisha kibati cha zamani
kwenye boliti ile ile ya chini,
na mume wake akaendesha miaka thelathini
akiusifia uaminifu wa kiwanda.

Hatukuwa na kuku mwaka ule.

Nikaweka beringi mpya, sili mpya. Nikayapaka meno rangi ya njano,
nikazungusha, nikasoma unyayo uliobaki:
uko juu mno, karibu na ncha. Nikaongeza shimu.
Sasa umezama. Nikapunguza, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Mara ya tano Halvor alikwenda kula.
Mara ya saba unyayo ukakaa katikati, au karibu na katikati,
nami nilikuwa nimechoka.

Gasketi, mfuniko, boliti kumi kwa kukingamisha.
Kibati nikakishika muda.
Kisha nikakirudisha mahali pake.

Inatembea. Ikivuta iko kimya kabisa,
ila nikiachia mafuta kwenye maili hamsini
inalia huko nyuma, sauti nyembamba, ya puani.
Halvor anasema tuifungue tena.
Nimemwambia masika.